Kujifunza Kutazama: Mpangilio wa Picha kwa Mwamini Anayeanza

Dominika ya Komunyo ya Kwanza ikiisha, wazazi wengi huketi jioni kuzipitia picha walizopiga kwa simu zao. Picha ni nyingi, pengine mia na zaidi. Lakini wakitafuta moja ya kuchapisha na kuitundika sebuleni, hawaioni. Katika hii, uso wa mtoto umekuwa giza tupu mbele ya dirisha. Katika ile, nguzo ya kanisa yaonekana kana kwamba imeota kichwani pake. Katika nyingine vimejaa visogo vya wazazi waliosimama mbele na simu zilizoinuliwa juu. Siku ile haitarudi. Mara nyingi hasara hiyo haitokani na uduni wa simu. Hutokana na kutojua jambo ambalo kila mmoja wetu aweza kujifunza bila gharama, yaani mpangilio wa picha.

Mpangilio ni kuchagua

Kupanga picha ni kuamua kitu gani kiingie ndani ya fremu, kikae wapi, na kitu gani kiachwe nje. Mzazi anapomtazama mwanawe katika vazi jeupe, upendo humsahaulisha viti, nyaya za spika na watu wanaopita. Kamera haisahau, huchukua kila kilicho mbele yake. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, tujiulize: picha hii inamhusu nani? Tukishajibu, tuziangalie kingo nne za fremu na kuondoa kisichohusika. Hatua mbili mbele, au moja kando, mara nyingi zatosha kuiondoa nguzo kichwani pa mtoto. Kusogea kwa miguu ni bora kuliko kuivuta picha kwa vidole, kwa maana simu nyingi zikivutwa hivyo hukata kipande tu cha picha na kukipanua, na ubora wake hupungua.

Mwanga kabla ya yote

Mtoto akilipa dirisha mgongo, kamera huupima mwanga mkali wa nje na kuuacha uso wake gizani. Dawa yake ni nyepesi: ageuke, ili mwanga wa dirisha umwangukie shavuni. Vazi jeupe nalo lina mtego wake. Likijaza sehemu kubwa ya picha, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, hivyo hupunguza, na nyuso zetu huwa nyeusi kuliko zilivyo. Tuuguse uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, ili kamera ipime mwanga hapo. Nje ya kanisa, jua la saa sita mchana hutia vivuli vikali chini ya macho. Kivuli cha mwembe au baraza la nyumba ya mapadre kitatufaa zaidi.

Kanuni ya theluthi

Anayeanza hupenda kuweka kila kitu katikati. Wachoraji walitambua zamani kwamba jicho hupenda kusafiri ndani ya picha. Mwaka 1797, kabla ya kamera kuvumbuliwa, Mwingereza John Thomas Smith aliandika juu ya kugawa picha ya mandhari kwa theluthi, na wapiga picha wakairithi kanuni hiyo. Tuigawe fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya ulalo, tupate vyumba tisa. Simu nyingi zinaweza kuonyesha mistari hiyo tukiiwasha katika mipangilio ya kamera. Kilicho muhimu tukiweke karibu na mahali mistari inapokutana, na upande anaotazamia mtu tuuachie nafasi. Hata hivyo, hii si amri. Altare iliyosimama sawasawa katikati ya kanisa yaweza kupigwa katikati vilevile, kwa sababu jengo lenyewe limepangwa kuelekea hapo.

Mfano ulio bora umo katika kanisa la San Luigi dei Francesi, mjini Roma. Mchoraji Caravaggio, kati ya miaka ya 1599 na 1600, alichora humo Wito wa Mtakatifu Mathayo. Kristo hayumo katikati. Yupo upande wa kulia, tena mwili wake umefichwa kwa sehemu kubwa na Mtakatifu Petro. Lakini mwanga unaingia kutokea juu yake, na mkono wake ulionyooka unaliongoza jicho letu hadi kwenye meza ya watoza ushuru. Juu ya vichwa vyao sehemu kubwa ya ukuta ni giza tupu, ambayo mchoraji hakuona haja ya kuijaza. Tunajifunza hapo kwamba mwanga na nafasi tupu vyaweza kutuonyesha aliye muhimu, hata akiwa pembeni.

Heshima ya anayepigwa picha

Mpangilio unagusa pia utu wa mtu. Kamera ikimwangalia mtoto kutoka juu, humfanya mdogo zaidi. Mpiga picha akipiga goti, nyuso zao huwa sawa. Hali ni hiyohiyo tunapowatembelea wagonjwa na wazee pamoja na Jumuiya Ndogo Ndogo. Zipo picha ambazo mfuko wa sabuni na unga umekaa katikati, mtoaji anatabasamu kuelekea kamera, na mpokeaji ameinamisha macho pembeni. Mpangilio huo umekwisha kusema nani mkubwa na nani mdogo, nasi twakumbuka Bwana alivyofundisha kuhusu sadaka inayotolewa kwa siri. Tuombe ruhusa kwanza. Kwa mtoto, tuwaombe wazazi wake. Na mgonjwa akikataa, tuiweke simu mfukoni na kuendelea kusali naye.

Ndani ya Adhimisho la Misa

Maagizo ya Eucharisticum Mysterium, yaliyotolewa tarehe 25 Mei 1967, yanataka uangalifu mkubwa ili upigaji picha usivuruge adhimisho la liturujia, hasa Misa Takatifu. Penye sababu ya haki ya kupiga picha, yataka kiasi na busara, na kufuata kanuni za Askofu mahalia. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 8 Novemba 2017, alisikitika kuona simu nyingi zikiinuliwa wakati wa Misa, akakumbusha kwamba padre hualika mioyo iinuliwe, wala haaliki simu.

Hapo ujuzi wa mpangilio huwa msaada wa sala. Anayejua anachotafuta hupiga picha chache. Huongea na Paroko mapema, huchagua mahali pamoja pa kusimama, huzima flashi na mlio wa simu, na wakati wa Sala ya Ekaristi huacha kupiga, akapiga magoti pamoja na wengine. Familia zikikubaliana juu ya mpiga picha mmoja au wawili, wazazi wengine wote watamwona mtoto wao akimpokea Yesu kwa macho yao wenyewe, bila kioo katikati. Picha na ndugu na wasimamizi zitapigwa baada ya baraka ya mwisho.

Anayetaka kujizoeza, achague kitu kimoja nyumbani, tuseme kikombe cha chai karibu na dirisha. Kwa juma moja apige picha moja tu kila siku, kila mara kutoka upande mwingine. Kabla ya kubonyeza, atazame kwa utulivu akihesabu hadi kumi.

Wapiga picha wengi Wakatoliki humheshimu Mtakatifu Veronika kama msimamizi wao. Mapokeo ya Njia ya Msalaba, katika kituo cha sita, yanatusimulia kwamba hakuifuata taswira. Aliona uso uliojaa damu na jasho, akapenya katikati ya umati, akaupangusa. Taswira ilibaki katika kitambaa chake baada ya huduma hiyo. Nasi tunapoishika kamera, tuanze kwa kumwona mtu.