Moshi wa Dandora na Ubongo wa Mtoto

Jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 mashariki mwa jiji la Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ila taka ziliendelea kumwagwa humo kwa miaka mingi baadaye. Plastiki, mipira na betri huungua pamoja, na moshi wake huvuka mto hadi Korogocho na mitaa mingine ya Eastlands. Aghalabu moshi huo hulaumiwa kwa kikohozi na pumu. Lawama hiyo ni ya haki lakini haijatimia, kwani mapafu ni lango tu.

Vumbi lenye kudhuru zaidi ni lile ambalo chembe zake hazizidi maikromita 2.5 kwa kipenyo, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Chembe zilizo ndogo zaidi miongoni mwake hupenya mapafuni zikaingia damuni. Nyingine yamkini hupitia neva za kunusia, zianziazo puani na kukomea ubongoni. Mwaka 2016, Barbara Maher na wenzake walitangaza kwamba wamezikuta chembe za sumaku, zenye umbo la zile zizaliwazo motoni, katika bongo za marehemu wa Mexico City na Manchester. Mikroglia, yaani seli zinazoulinda ubongo, zinapokutana na mgeni huyo hutoa kemikali za kumshambulia. Shambulio likidumu miaka, seli za neva zilizo jirani huumia pia, mithili ya mwenye nyumba anayechoma paa akifukuza nyuki.

Dandora ina mgeni wa pili: risasi. (Lugha imeyapa madini hayo jina moja na kile kitokacho mtutuni, wala haikukosea.) Risasi hujifanya kalsiamu, ambayo seli za neva huitumia kupashana habari, hupita milango ile ile, kisha huzuia ujumbe. Mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wa kandokando ya jaa hilo, ulioongozwa na Njoroge Kimani. Takriban nusu yao walikuwa na maikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Wakati huo kiwango hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa mpaka wa hatari. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kijulikanacho kuwa salama. Dawa huweza kuipunguza risasi damuni, lakini haijathibitika kurejesha uwezo wa akili uliokwisha kupotea. Waliopimwa wakiwa wadogo kabisa sasa ni vijana wa umri wa chuo kikuu.