Haki ya Msichana Mwezi wa Desemba

Kila tarehe 10 Desemba ulimwengu huadhimisha Siku ya Haki za Binadamu, kwa kukumbuka Tamko lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1948. Mkoani kwetu Mara siku hiyo huangukia likizo ya shule, majira ambayo katika baadhi ya koo ngariba huanza kazi yao na wasichana huanza kukimbia. Sisi waamini wa majimbo ya Musoma na Bunda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa haki msingi inayovunjwa.

Mama Kanisa anafundisha kwamba haki hizi hazitoki serikalini wala kwa wazee wa mila. Chimbuko lake ni utu wa binadamu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wa “Pacem in Terris”, yaani “Amani Duniani”, wa mwaka 1963, anapoorodhesha haki za binadamu huanza na haki ya kuishi na ya mwili usiodhurika. Papa Fransisko naye, katika Wosia wa Kitume “Amoris Laetitia” wa mwaka 2016, aliutaja ukeketaji waziwazi na kuulaani.

Upande wa dola, Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, akiwa bado Rais. (Tukubali pia kwamba nchi ilikaa zaidi ya miaka ishirini ya uhuru bila hati hiyo.) Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, inayotoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hapo pana pengo kubwa: aliyetimiza miaka 18 hatajwi, ilhali sheria ya jirani zetu wa Kenya, ya mwaka 2011, humlinda mwanamke wa umri wowote. Bibi arusi anayeshinikizwa na wakwe zake “akamilishwe” hubaki bila ngao hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba wanawake 28 kati ya 100 mkoani Mara wamekeketwa, kutoka 32 katika utafiti wa 2015-16. Kitaifa ni 8. Kupungua kupo, ila ni kwa polepole mno, na baadhi ya familia sasa hufanya tendo hilo kwa siri ili kukwepa sheria. Tena jeraha haliji peke yake. Msichana aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa. Ng’ombe wa mahari huingia zizini, naye hutoka darasani. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba.

Wanaokimbia hupokelewa katika kituo cha Masanga wilayani Tarime, na katika nyumba salama za Butiama na Mugumu zinazoongozwa na Bi. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa binti. Kazi ngumu zaidi huja likizo ikiisha. Wazazi huitwa, maafisa wa ustawi wa jamii na polisi huketi nao, na ahadi huwekwa kwa maandishi kwamba mtoto hatadhuriwa. Wapo wanaorudi nyumbani kwa amani. Wapo ambao baba amekataa kabisa kuwapokea. Hao hubaki kituoni, wakihitaji ada, sare na chakula mwaka mzima.

Kwa hiyo Jumuiya Ndogondogo na WAWATA wasingoje Desemba. Wazazi wazungumze mapema, wakiwemo akina baba, ambao mara nyingi huliacha jambo hili kwa bibi na shangazi. Aliye na taarifa za binti aliye hatarini afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, au apige simu namba 116, bila malipo.