Mshahara wa Chini na Ramani ya Bei

Kima cha chini cha mshahara ni kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kisheria kulipa chini yake, hata pale ambapo mfanyakazi mwenyewe, kwa dhiki, yuko tayari kupokea pungufu. Nchini Kenya kiwango hicho hutegemea aina ya kazi pamoja na mahali inapofanyiwa: agizo la mwaka 2022 lilimtengea kibarua wa Nairobi, Mombasa au Kisumu shilingi 15,201.65 kwa mwezi, yule wa zilizokuwa manispaa 14,025.40, na wa maeneo mengine yote 8,109.90. Kutoka jijini hadi manispaa mshahara unashuka kwa chini ya asilimia 8, ilhali kutoka manispaa hadi maeneo mengine unaporomoka kwa zaidi ya asilimia 42.

Mgawanyo huu hutetewa kwa gharama ya maisha, yaani fedha ambazo kaya inahitaji ili ijikimu, ambayo hudhaniwa kuwa nafuu mashambani hasa kwa sababu ya kodi ya nyumba. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao au posho ya nyumba, na viwango vilivyotajwa havijumuishi posho hiyo, kwa hiyo kodi tayari ina fungu lake. Kinachobaki ni unga, sabuni, dawa na sare za shule, na kibarua asiye na shamba huvinunua dukani, mara nyingi vikiwa vimeongezewa nauli ya safari ndefu. Bei za petroli zinazotangazwa kila mwezi zinadhihirisha hilo, kwa maana Mombasa, penye bandari, huwa na bei ya chini, na Mandera huwa miongoni mwa miji yenye bei za juu kabisa. Lakini katika vijiji vya kaunti hiyohiyo ya Mandera ndiko sheria inakoruhusu mshahara mdogo zaidi.

Isitoshe, mabaraza ya manispaa yalivunjwa mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, ila mipaka yake ingali inapanga mishahara. Mji wa Ongata Rongai, ambako wakaazi wengi hurauka kwenda kazini Nairobi, haukuwa manispaa. Kibarua anayeajiriwa hapo huwekwa kundi moja na mwenzake wa kijijini, ingawa kodi anayotozwa hufuata soko la jiji.