Programu ya Nakala Rudufu Ikigoma, Iulize Diski Kwanza

Mafundi wa kompyuta wanayajua malalamiko haya: "Tangu niweke hii programu ya nakala rudufu, mashine imekuwa nzito, inaganda, mara inaleta skrini ya buluu. Niondolee." Programu inaondolewa, kompyuta inarudi kufanya kazi kama zamani, mwenye mali anashukuru na kulipa. Baadaye diski inakufa kabisa na hakuna nakala hata moja, kwa sababu kitu pekee kilichokuwa kikipiga yowe kilinyamazishwa.

Nataka kuitetea programu hiyo. Si kwamba haina makosa. Inayo, na nitayaeleza. Lakini kwenye kompyuta kuukuu, mara nyingi yenyewe ndiyo ya kwanza kuugusa ugonjwa ambao tayari ulikuwamo ndani ya diski.

Chukua kompyuta ya mezani ya ofisi ya uhasibu ya shule, yenye Windows 7 na diski ya sahani zinazozunguka, gigabaiti 320 au 500. Kutwa nzima mhasibu anagusa eneo dogo tu la diski hiyo: mfumo wenyewe, programu ya hesabu, faili za muhula huu. Risiti za miaka sita iliyopita, picha za mahafali na barua za bodi hazijafunguliwa na mtu tangu zihifadhiwe. Programu ya nakala rudufu haibagui. Kama mkaguzi wa ghala anayefungua kila gunia, inapita kila eneo lenye data kwa saa nyingi mfululizo, na gunia lililooza huko chini linaonekana siku hiyo ya ukaguzi.

Data ndani ya diski zimegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kwenye diski za zamani kila sekta inabeba baiti 512, pamoja na alama za ziada za kugundua na kusahihisha makosa. Sekta ikichoka, diski haikiri haraka kwamba imeshindwa. Inasoma tena, inasogeza kichwa cha kusomea kidogo, inasoma tena, na diski za kompyuta za kawaida huweza kung'ang'ania sekta moja kwa sekunde nyingi. Muda wote huo kila programu inayoitaka diski inapanga foleni. Kipanya kinasogea lakini dirisha halifunguki, na taa ndogo ya diski imewaka moja kwa moja bila kupepesa. Mtumiaji anasema mashine imeganda. Windows ikichoka kusubiri inaiamuru diski ianze upya, halafu inaomba tena sekta ileile.

Kwenye Windows XP yenye diski za IDE, zile za kebo pana kama utepe, kuna adhabu ya ziada. Makosa ya kusubiri kupita muda, au ya data kufika ikiwa imeharibika njiani, yakifikia jumla ya 6, mfumo unaanza kushusha kasi ya mawasiliano hatua kwa hatua, na mwisho wake ni hali iitwayo PIO, ambamo prosesa yenyewe inalazimika kusimamia kila kinachopita. Kompyuta inatambaa, na inaendelea kutambaa hata baada ya programu ya nakala kuondolewa. Dawa ni kuiondoa chaneli hiyo ya IDE kwenye Device Manager na kuwasha upya ili Windows iitambue upya. Ila kama kilicholeta makosa bado kipo, kasi itashuka tena.

Ujumbe mwingine unaowachanganya watu ni ule unaotaja VSS. Ili kunakili faili ambazo ziko wazi zinatumika, Windows hutumia huduma ya Volume Shadow Copy, inayopiga taswira ya papo hapo ya diski nzima. Wakati wa kupiga taswira hiyo, programu zote zinatakiwa kusimama kuandika kwa muda mfupi sana. Diski inayosuasua, au iliyojaa hadi pomoni, haiwezi kumaliza kazi ndani ya muda huo, na programu ya nakala inaleta kosa linalosomeka kana kwamba tatizo ni huduma ya Windows. Amri ya vssadmin list writers itakuonyesha nani kakwama. Lakini kabla ya kuanza kusajili upya huduma hii na ile, tazama nafasi iliyobaki na afya ya diski.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi unapokuwa na uzito kuliko ujuzi. Diski yenye dalili za kuchoka isianze kutengenezwa, ianze kuokolewa. Zima ratiba ya nakala, chomeka diski ya nje, na unakili kwa mkono vile ambavyo havina pa kupatikana tena: hifadhidata ya hesabu, orodha ya wanafunzi, picha. Folda moja moja, kuanzia ya thamani zaidi. Na tafadhali, isiwe kutoka C: kwenda D: ya kompyuta hiyohiyo. Kwenye mashine nyingi za ofisi D: ni sehemu tu ya diski ileile, na ikifa zinakufa zote mbili. Nimeona watu makini kabisa wakiiamini D: kwa miaka.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kukimbilia chkdsk. Amri ya chkdsk yenye /r inaisoma diski yote sekta kwa sekta, kazi ya saa nyingi kwa chombo ambacho huenda kimebakiza saa chache. Tena shabaha yake ni mpangilio wa mfumo wa faili ukae sawa, si faili zako zipone. Ikikuta vipande visivyo na mwenyewe inaweza kuvitupa kwenye folda ya FOUND.000, vikiwa na majina ya namba na kimalizio cha CHK. Kwenye diski nzima iliyokatiwa umeme ghafla, chkdsk ni chombo kizuri. Kwenye diski inayokufa, isubiri hadi faili ziwe salama mahali pengine.

Faili zikishatoka, sasa iulize diski. Karibu kila diski iliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 inaweka kumbukumbu ya afya yake iitwayo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inaisoma kwa dakika moja. Usiishie kwenye rangi ya juu. Shuka kwenye jedwali, tafuta mistari minne. Mstari wa 05 unahesabu sekta ambazo diski imezistaafisha na kuweka za akiba mahali pake. C5 ni zile zilizoshindwa kusomeka na bado zinasubiri kuamuliwa. C6 ni zile ambazo diski ilizikuta mbovu ilipojikagua yenyewe. C7 ni makosa ya data iliyoharibikia njiani, kati ya diski na ubao mama. Angalia vizuri: CrystalDiskInfo isiporekebishwa huonyesha hesabu kwa mfumo wa namba wa 16, kwa hiyo 18 kwenye mstari wa C5 maana yake ni sekta 24.

Mistari hiyo inapeleka kwenye tiba tofauti kabisa. C5 ikipanda leo na kesho, diski inakwenda na hakuna programu ya kuirudisha. C5 ndogo isiyosogea huenda ilitokana na umeme kukatika katikati ya kuandika: sekta ilibaki nusu imeandikwa, na ikiandikwa upya inaweza kurudi kazini. C7 yenye kupanda huku 05 na C5 zikiwa sifuri inaelekeza kwenye kebo. Ichomoe, ibadilishe, safisha vumbi, urudie nakala. Hesabu ya C7 haitarudi sifuri. Unachotazama ni kama imeacha kupanda. Kebo mpya ya SATA ni ya bei ndogo sana, na huponya "mgongano wa programu" ambao mtu alishaandaa kufomati mashine nzima kwa ajili yake.

Shahidi wa pili ni Event Viewer ya Windows. Fungua kumbukumbu za System uangalie saa ileile nakala ilipokwama. Tukio namba 7 kutoka chanzo kiitwacho disk linasema kuna eneo bovu. Namba 11 linalalamikia njia ya mawasiliano. Namba 129 linasema diski iliamriwa kuanza upya kwa sababu haikujibu. Ukiyakuta haya, programu ya nakala imeshinda kesi.

Ukikuta kote kuko safi, basi kweli inawezekana programu yenyewe ina makosa. Programu nyingi za aina hii, pamoja na antivirusi na zile za kuchoma CD, hupachika draiva za kuchuja katikati ya Windows na diski, ili kila kinachosomwa au kuandikwa kipitie kwao. Ukiweka programu mbili za nakala rudufu, vichujio viwili vinakaa njia moja, na toleo la zamani la kimoja linaweza kuiangusha mashine. Kibaya zaidi, kuiondoa programu si lazima kuondoe kichujio chake. Dalili inayojulikana sana ni kiendeshi cha CD au DVD kutoweka kwenye kompyuta, huku Device Manager ikionyesha alama ya mshangao na Code 19 au 39. Maingizo ya UpperFilters na LowerFilters kwenye rejista ndiyo yanayohusika. Kwa upande wa CD kuyafuta kunaeleweka, baada ya kuhifadhi nakala ya rejista. Kwa upande wa diski kuu na sehemu zake, usifute ovyo: humo mna partmgr na volsnap, vichujio vya Windows yenyewe, na ukiviondoa kompyuta haitawaka. Dawa salama ni kubaki na programu moja, na kutumia kifaa cha kusafisha cha mtengenezaji wa ile unayoiondoa.

Mgongano mwingine hautoki kwenye diski ya ndani bali ile ya nje unayonakilia. Tangu mwaka 2011 hivi watengenezaji walihamia sekta za baiti 4096. Diski nyingi hujifanya za 512 ili mifumo ya zamani izielewe, lakini baadhi ya diski kubwa za nje hazijifanyi hivyo, na zana ya Windows 7 ya kunakili diski nzima kama taswira inazikataa kwa ujumbe wa hitilafu ya kifaa wakati diski haina ubovu. Flashi yenye FAT32 nayo haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hivyo taswira inakwama palepale kila usiku. Ifomati iwe NTFS. Na diski ya nje isiyo na adapta inategemea umeme wa tundu la USB. Lile la USB 2.0 limeruhusiwa miliampea 500 tu, na matundu ya mbele ya mashine kuukuu hutoa umeme hafifu. Ukisikia mlio wa tik tik na diski inatoweka katikati ya kazi, hamishia nyuma, kwenye tundu la ubao mama wenyewe.

Nisiache betri ndogo ya CR2032. Ikiisha, saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma, na programu inayochagua faili mpya kwa kuangalia tarehe inaziruka. Ripoti inasema imefanikiwa, na kazi za mwezi mzima hazimo.

Kama diski imeonyesha kwamba inakwenda na bado kuna vitu ambavyo kunakili kwa mkono kumeshindwa, iache programu ya kawaida. Itoe diski, iunganishe kwenye mashine yenye Linux, na utumie GNU ddrescue. Hiyo inachukua kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi, inaruka mabovu, kisha inayarudia mwishoni, ikiandika kwenye faili la ramani ilipofikia, ili umeme ukikatika iendelee badala ya kuanza mwanzo. Kazi zote za kurekebisha faili zifanyike kwenye nakala iliyotoka humo.

Baada ya hapo weka diski mpya. Hata SSD ya SATA inaingia vizuri kwenye mashine ya Windows 7. Rudisha data, kisha mwite mhasibu mwenyewe afungue hifadhidata, achapishe risiti moja ya zamani na moja ya wiki hii. Diski kuukuu iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito na uifungie kabatini, isifomatiwe wala kupewa mtu, mpaka mhasibu huyo afunge hesabu za muhula kwa kutumia diski hiyo mpya.