Shangingi lenye ila na muuzaji aliyenyamaza

Ndugu Waislamu, leo tunaomba ruhusa yenu tutoke kidogo msikitini na kuingia gereji, kwani huko nako kuna halali na haramu.

Kilichotusukuma ni shauri lililofikishwa mbele yetu baada ya swala ya Ijumaa. Mzee mmoja mstaafu alipokea kiinua mgongo chake, akakichanganya na fedha alizokopeshwa na mkewe, ambaye aliuza dhahabu yake ya miaka mingi, kisha akanunua kwa mtu gari la fahari la Ulaya lililokwishatumika, katika yale yavutayo kwa magurudumu yote manne ambayo watu wa mjini huyaita mashangingi. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka alikodishe kwa harusi na kwa wageni waendao mbugani, ili nyumba ipate riziki baada ya mshahara kukatika.

Siku aliyokwenda kulikagua, alilikuta limeshawashwa, limesimama wima, na mbele ya dereva hapakuwa na taa ya onyo hata moja. Asubuhi ya siku ya nne alilikuta nje ya nyumba yake limelala upande mmoja, mfano wa ngamia aliyeanza kupiga magoti. Taa zilikuwa zimewaka. Fundi wa kwanza akabadilisha kompresa. Fundi wa pili akasema kosa ni la sensa, akazibadilisha. Wa tatu akasema kompresa ya awali haikuwa na ubovu wowote, na kwa kuwa injini nayo ilikuwa imeanza kuchemsha, akaifungua. Tulipoletewa shauri hili, gari lilikuwa juu ya mawe kwa mwezi wa saba, na mama wa nyumba alikuwa akiuliza, kwa adabu lakini kila siku, dhahabu yake itarudi lini. Ndipo dalali aliyewakutanisha alipokiri kwamba asubuhi ya ukaguzi muuzaji alileta mtu mwenye mashine, akafuta makosa yote yaliyokuwa yamehifadhiwa katika kompyuta ya gari, na taa zikazimika.

Haiwezekani kutoa hukumu ya kitu pasipo kukijua, hivyo inatupasa tueleze kidogo. Gari la Range Rover lilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1970 lilikaa juu ya springi za chuma. Mwaka 1992 ndipo lilipoanza kupewa mifuko ya hewa iliyoongozwa kwa umeme, na tangu hapo mtindo huo umeenea katika magari mengi ya fahari ya namna hiyo, Discovery 3 ya mwaka 2004 ikiwemo. Mfuko ni wa mpira, hujazwa hewa na kompresa ndogo, na sensa katika kila gurudumu huijulisha kompyuta kimo cha gari. Kwa mpandaji ni raha tupu. Lakini mpira huzeeka na kupasuka nyufa ndogo, hewa huvuja usiku kucha, na kompresa iliyoumbwa kufanya kazi kwa dakika chache hulazimika kufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Fundi asiyetafuta panapovuja akaweka kompresa mpya, ataiunguza na hiyo pia. Ndivyo ilivyotokea kwa mzee wetu.

Yako mengine. Katika injini ya dizeli ya Discovery 3, mbali na mkanda wa taimingi wa mbele, upo mkanda wa pili nyuma ya injini unaoendesha pampu ya mafuta, na wengi hawajui kuwa upo. Kazi nyingine za injini hiyo ni ngumu kiasi kwamba mafundi wengi huona heri kulinyanyua bodi lote kutoka kwenye chesisi ili waifikie. Tena si kila kifaa kilichochomolewa katika gari jingine kitakubaliwa. Vipo ambavyo havifanyi kazi mpaka vitambulishwe kwa kompyuta ya gari kwa mashine maalumu, na wenye mashine hiyo na elimu yake ni wachache. Kwa hiyo mwenye gari huzunguka maduka ya Gerezani, akikosa huagiza spea kuukuu kutoka Sharjah, husubiri wiki kadhaa, na ikija anaambiwa haisomi.

Hatusemi kwamba magari haya ni mabaya. Yanapanda pasipopandika, na mwenye uwezo wa kuyahudumia hana dhambi kuyapanda. Ila yalitengenezwa kwa mtu mwenye gereji ya kiwanda karibu yake. Si bure kwamba hospitali nyingi za vijijini hutumia Land Cruiser za ule mtindo mkavu ulioanza mwaka 1984, ambazo fundi wa kijijini huzielewa kwa spana na nyundo.

Turudi sasa kwa muuzaji. Kisa cha rundo la nafaka lililolowa kwa chini kinajulikana na kila mtoto wa madrasa, nasi hatutakirudia. Kilicho karibu zaidi na taa iliyozimwa ni katazo jingine la Mtume (S.A.W.), lililopokewa na Abu Huraira (R.A.) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, kuhusu ngamia na kondoo wafungwao viwele. Wauzaji wa zama zile walikuwa wakimwacha mnyama siku kadhaa bila kumkama ili maziwa yajae, na mnunuzi akiona kiwele kimetuna adhani ndiyo kawaida yake. Mtume (S.A.W.) alikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari, baada ya kukama na kuujua ukweli, ya kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Katika baadhi ya mapokezi, muda wa hiari hiyo umetajwa kuwa siku tatu. Tazameni ufanano. Makosa yaliyofutwa kwa mashine hujirudia baada ya gari kuendeshwa kidogo, kama kiwele kinavyonywea baada ya kukamwa mara moja au mbili. Ulaghai ni ule ule, mnyama tu ndiye aliyebadilika.

Muuzaji alipoitwa alijitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba hakuulizwa. Hoja hii haisimami, kwa kuwa Uqba bin Aamir (R.A.) amepokea, kama ilivyo kwa Ibn Majah, kwamba si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye ila ila ameibainisha. Hapakuwekwa sharti la kuulizwa. Ya pili, kwamba waliandikiana kuwa gari linauzwa kama lilivyo na hakuna kurudishana. Hii ndiyo hoja ya siku hizi, na huonekana kama kinga. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, kama alivyoeleza Imam Nawawi katika Minhaj, sharti la namna hiyo halimwokoi muuzaji isipokuwa katika ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, na huyu alijua. Asingejua, asingemwita mtu wa mashine.

Na dalali je? Yeye alidhani kwamba kwa kuwa gari si lake, ulimi wake uko huru kunyamaza. Imam Ghazali katika Ihya anakileta kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa (R.A.), aliyekuwa amesimama sokoni wakati mtu akiuza ngamia wake kwa dirhamu 300. Wathila alighafilika, na alipozinduka mnunuzi alikuwa amekwishaondoka na ngamia wake. Akamkimbilia nyuma akimwita, akamuuliza kama alimnunua kwa ajili ya nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni wa kupanda, akamwambia kwamba ameona tundu katika unyayo wake na hataweza kuendelea na safari. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, huku akimlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara yake. Wathila akamjibu kwa kutaja ahadi waliyompa Mtume (S.A.W.) ya kumnasihi kila Muislamu, na kwamba ajuaye ila naye si halali kwake kuificha. Ngamia wa Wathila angefaa kwa nyama. Kwa safari hakufaa, kwa sababu ubovu ulikuwa miguuni. Sisi tuliposikiliza shauri la gari lililolala upande, tulimkumbuka ngamia yule.

Kuhusu mafundi tutasema machache. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu huwa mdhamini wa alichoharibu, na imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) aliwatwisha mafundi wa zama zake dhamana ya mali za watu. Tunaona kipimo hicho kinamfaa pia fundi wa gereji anayekisia kwa fedha za mwenziwe, akibadilisha kifaa baada ya kifaa mpaka abahatishe. Neno “sijui” ni zito kinywani mwa fundi, lakini lingemwokolea mzee huyu mamilioni.

Mzee naye tulimweleza ukweli kuhusu sehemu yake. Mnunuzi anapogundua ila anatakiwa aidai haki yake mara moja, na aache kukitumia kitu kile. Yeye alikwenda kwa mafundi watatu kwanza, gari likafunguliwa injini mikononi mwake, na kwa sababu ya ubovu huo mpya hawezi tena kumlazimisha muuzaji alipokee. Kinachobaki ni fidia ya upungufu, ambayo wanavyuoni huiita arshi. Hesabu yake ni kwamba, kwa mfano, kama gari zima lina thamani ya shilingi milioni 40 na lenye ila ile milioni 30, upungufu ni robo, basi mnunuzi hurudishiwa robo ya bei aliyolipa, iwe ni ndogo au kubwa kuliko thamani hiyo.

Haya yote tuliyazungumza kwa zaidi ya saa mbili. Muuzaji alikasirika, akasimama, akaenda hadi mlangoni, kisha akarudi akaketi. Akauliza kama anaweza kulipa kwa awamu. Tukamuuliza mzee, naye akamtazama mkewe aliyekuwa ameketi nyuma pamoja na bintiye. Mama akasema anakubali, kwa sharti kwamba fungu la kwanza liletwe mkononi mwake, kwani hilo ni deni la dhahabu yake na halihusiani na gari. Hakuna aliyempinga. Awamu ya kwanza imeshafika. Gari bado lipo juu ya mawe, na fundi wa nne, ambaye alianza kwa kutafuta panapovuja hewa kwa maji ya sabuni, anasema mfuko wa nyuma kushoto una ufa.

Wallahu aalam.