Maumivu ya Kiuno kwa Wajawazito: Nafuu Huanzia Nyumbani

Mama mjamzito anapolalamikia kiuno, mara nyingi huambiwa kuwa hiyo ni hali ya kawaida ya ujauzito, kisha huachwa aendelee na ndoo na jembe kama jana. Kauli hiyo ina ukweli, ila haijakamilika. Maumivu hayo huwapata wengi, lakini yanaweza kupunguzwa bila upasuaji na mara nyingi bila dawa.

Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga ili kuandaa njia ya mtoto, huku tumbo linalokua likivuta uzito wa mwili mbele. Hivyo misuli ya kiuno huelemewa.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha ujauzito ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga. Kutembea kwa mwendo wa wastani ni mwanzo mzuri. Mama alale kwa ubavu, akiweka mto au khanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Anapookota kitu, akunje magoti badala ya kuinama. Kitambaa chenye uvuguvugu kiunoni huleta nafuu. Maumivu yakizidi, mhudumu wa kliniki aweza kumshauri kuhusu mkanda wa kushikilia tumbo au kumpa rufaa ya fiziotherapia.

Dawa za maumivu zisinunuliwe dukani bila ushauri. Diklofenaki na ibuprofeni, hasa kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni.

Yapo maumivu ya kiuno yasiyopaswa kuvumiliwa nyumbani: yanayoambatana na homa, maumivu wakati wa kukojoa, kutokwa na damu au maji ukeni, au ganzi na udhaifu wa miguu, vilevile yanayokuja na kuondoka kwa vipindi kabla ya wiki ya 37, kwani huenda ni uchungu wa mapema. Mama mwenye dalili hizo afikishwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mji wa Korogwe, Magunga.

Aidha, familia ina sehemu yake. Mume au kijana wa nyumbani akiipokea ndoo ya maji, hiyo nayo ni tiba.