Usifute Windows: Mfumo wa Pili Unakaa Ndani ya wa Kwanza

Stesheneri za barabarani Ilula, mkoani Iringa, pale magari ya Dar es Salaam na Tunduma yanapopita kati ya matenga ya nyanya, kwa kawaida zina kompyuta moja au mbili zisizopumzika. Asubuhi zinachapa barua ya kikundi cha wakulima, mchana zinajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, jioni zinatoa mitihani ya majaribio ya shule za kata. Mwanafunzi wa TEHAMA aliyerudi likizo akiomba aweke Linux kwenye mojawapo ili afanye mazoezi, mwenye duka atakataa, na ana haki ya kukataa. Kwa njia iliyozoeleka, kuweka mfumo endeshi mwingine ni kuigawa diski au kuifuta, na kazi za wateja wote zimo kwenye diski hiyo.

Ipo njia ambayo haigusi diski hiyo kwa namna ya kuogopesha. Unasakinisha programu ya kawaida, kama unavyosakinisha programu ya kusikiliza muziki, nayo inaunda kompyuta pepe ndani ya kompyuta uliyonayo. Kompyuta hiyo pepe ina prosesa yake, RAM yake, kadi yake ya mtandao na diski yake. Diski yenyewe ni faili moja kubwa tu lililokaa kwenye folda, pembeni ya barua na picha zako. Mfumo wa kompyuta halisi huitwa mwenyeji. Ule unaowekwa ndani huitwa mgeni. Mgeni anawaka, anaandika kwenye diski yake, anazimwa, bila kujua kwamba kila anachokiona ameandaliwa na programu. Mwenyeji anaendelea na kazi zake. Siku ukimchoka mgeni, unafuta folda yake na mambo yamekwisha.

Jambo la kushika mapema ni kwamba kompyuta pepe haizalishi nguvu mpya. Ni nyumba ya kupangisha yenye simtanki moja la maji: kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake, lakini mmoja akifungua bomba bila kipimo, wote wanakaukiwa. Tanki hapa ni RAM. Kompyuta yenye GB 4 ikiwa na Windows 10 imeshatumia karibu nusu yake kabla hujafungua chochote. Ukimgawia mgeni GB 2, wote wawili wataanza kutambaa. Kwa GB 8 kazi inawezekana: mpe mgeni GB 2 au 3, na usivuke nusu ya RAM yote. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, kwa mashine nyingi za mtumba ningekushauri uongeze RAM kabla ya kufikiria kununua kompyuta nyingine. Cha pili ni diski ya SSD, kwa sababu diski ya zamani ya kuzunguka ikitakiwa kusoma kwa ajili ya mifumo miwili kwa wakati mmoja, huchelewa mno.

Teknolojia hii ni ya zamani kuliko kompyuta ya mezani. IBM iliijenga katika kituo chake cha utafiti cha Cambridge, Massachusetts, ambapo mfumo wa CP-40 ulianza kufanya kazi mwaka 1967, na mwaka 1972 kampuni ikaitoa kwa wateja kwa jina la VM/370. Sababu yake inaeleweka vizuri pale Ilula: mashine zilikuwa chache na ghali, na wenye kuzihitaji walikuwa wengi. Kompyuta za mezani zilichelewa kuipata kwa sababu ya ubongo wake. Prosesa za aina ya x86 hazikuundwa kwa kazi hii. Amri nyingi nyeti za mfumo, mgeni akizitoa, hunaswa na kukabidhiwa programu simamizi, ile inayomwendesha mgeni. Lakini watafiti walihesabu amri 17 za prosesa ya Pentium zilizokuwa zikipita kimyakimya bila kunaswa, na mgeni anayepitisha amri asizoruhusiwa anaweza kuvuruga kila kitu. Mwaka 1999 kampuni ya VMware iliuza programu iliyolitatua hilo kwa kuzisoma amri za mgeni na kuziandika upya kabla hazijatekelezwa. Kisha Intel mwishoni mwa 2005, na AMD mwaka 2006, wakaingiza uwezo huo ndani ya prosesa zenyewe. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Iringa na Mbeya leo zimetengenezwa baada ya hapo, kwa hiyo uwezo zinao.

Zinao, lakini mara nyingi umezimwa. Hapo ndipo wanaojaribu wengi hukwama na kudhani mashine yao ni mbovu. Ukifungua VirtualBox, mojawapo ya programu za kuunda kompyuta pepe, na kuona orodha ya mifumo ya biti 32 peke yake, au ukiambiwa kwamba VT-x, yaani uwezo huo kwenye prosesa za Intel, haipatikani, tatizo kwa kawaida ni mpangilio wa BIOS. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo nyingi za ofisini, tafuta neno Virtualization, liwashe, hifadhi, toka. Kwenye Windows unaweza kuhakiki kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uangalie chini ya Performance.

Programu za kuchagua zipo kadhaa na nzuri hazidai malipo. Windows toleo la Pro inayo Hyper-V ndani yake. Toleo la Home halina. VMware Workstation Pro, iliyokuwa ikiuzwa kwa miaka mingi, ni bure kwa matumizi yote tangu Novemba 2024. Anayetumia Linux kama mwenyeji anayo KVM, iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2007. Anayeanza namwelekeza kwenye VirtualBox, iliyotoka kwa kampuni ya Kijerumani ya innotek na sasa iko mikononi mwa Oracle, kwa sababu inakubali Windows, Linux na Mac na msimbo wake uko wazi. Mwenye duka azingatie kitu kimoja: programu yenyewe ni huru hata kwa biashara, lakini kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack ni bure kwa matumizi binafsi na ya kielimu tu. Stesheneri haikihitaji; tangu toleo la 7, flashi za USB zinafanya kazi bila hicho. Vilevile Windows ndani ya kompyuta pepe ni Windows kamili na inadai leseni yake. Linux haina deni hilo.

Sasa tuje kwenye flashi, maana hapa ndipo stesheneri inapofaidika kuliko popote. Kila mteja anakuja na yake, na nyingi zimebeba virusi. Kinachojulikana zaidi ni kile kinachoficha mafaili ya mteja na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Mteja akibofya, virusi vinaamka na kuhamia kwenye kompyuta, na kutoka hapo kwenye flashi ya kila anayefuata. Mwalimu anachapisha mtihani Ilula na kuupeleka shuleni pamoja na maradhi hayo.

Weka Linux nyepesi kama mgeni, kwa mfano Linux Mint yenye Xfce au Lubuntu. Katika mipangilio ya USB ya VirtualBox, weka kichujio kinachoelekeza flashi moja kwa moja kwa mgeni. Flashi ikichomekwa, Windows inaipisha, na Linux ndiyo inayoifungua. Virusi hivyo viliandikwa kwa ajili ya Windows, hapo havipati pa kukimbilia. Na lile faili ambalo mteja anaapa kwamba limepotea, mara nyingi linaonekana palepale, kwa sababu alama ya kuficha iliyowekwa na virusi haimzuii meneja wa mafaili wa Linux kulionyesha. Fungua waraka kwa LibreOffice, utengeneze PDF, uchapishe. Ukimaliza, mrudishe mgeni kwenye picha ya hali yake, ile ambayo VirtualBox huiita Snapshot: uliipiga mgeni akiwa safi, na kwa kubofya mara chache anakuwa vilevile alivyokuwa siku hiyo.

Ulinzi huu una mipaka na ni vyema kuijua. Ukifungua folda ya pamoja kati ya mgeni na mwenyeji na kuruhusu kuandika humo, umefungua mlango. Virusi vilivyomo kwenye mgeni wa Windows vinaweza pia kupita kwenye mtandao wa duka. Na mara chache hugunduliwa kasoro kwenye programu simamizi yenyewe, kama ile iliyopewa jina la VENOM mwaka 2015, iliyopatikana kwenye msimbo wa kuiga kiendeshi cha diski za floppy ambacho karibu hakuna aliyekuwa akikitumia tena. Kwa hiyo programu hizi zisasishwe kama nyingine zote.

Matumizi ya pili yamekuwa ya haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi nzima zimeachwa nje kwa sharti hilo. Mwenye duka ana programu ya hesabu ya miaka kumi iliyopita, au printa ambayo dereva wake hajui mfumo wowote baada ya Windows 7. Hapo geuza mpangilio: Linux iwe mwenyeji, yaani ndiyo iende kwenye intaneti na kupokea barua pepe, na Windows ya zamani ikae ndani kama mgeni aliyekatiwa mtandao. Kuukata ni kuondoa alama moja tu ya tiki kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao. Programu ya zamani inaendelea kutoa ripoti, na mashimo ya usalama ya Windows hiyo hayafikiki kutoka nje. Kugeuza huku ndiko pekee kunakogusa diski halisi, basi nakili kazi zote kwenye diski ya nje kwanza.

Ila kwangu faida kubwa kuliko zote ni ya mwanafunzi. Mwaka 2007 Tumaini mjini Iringa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, ilianzisha shahada ya TEHAMA kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland, kwa nia ya kufundisha teknolojia kulingana na mazingira ya hapa. Wakati huo mkongo wa Seacom ulikuwa haujatia nanga Dar es Salaam. Ulizinduliwa Julai 2009. Nchi iliunganishwa na intaneti kwa setelaiti, na vijana wengi wa Kiafrika waliionja Linux kwa CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta, huduma iliyokoma mwaka 2011. Leo kijana wa Ilula mwenye laptop ya GB 8 anaweza kuwasha mashine pepe tatu za Linux zisizo na madirisha, kila moja ikiwa na MB 512 za RAM, akaziunganisha kwa mtandao wa ndani wa VirtualBox, moja ikawa seva ya tovuti, nyingine ya hifadhidata, ya tatu mteja. Hahitaji ruta, swichi wala bando. Anaweza kuiharibu seva kwa makusudi ili ajifunze kuitengeneza, jambo ambalo hakuna ofisi itakayomruhusu alifanye kwenye seva yake. Na atakapoajiriwa, kwenye benki, halmashauri au kituo cha data, mashine pepe ndizo atakazozikuta.

Kuhusu umeme: mgeni akizimika ghafla ni sawa na kompyuta halisi kuzimika ghafla, diski yake inaweza kuharibika. Betri ikionyesha kuchoka, chagua Save the machine state. Mgeni atalala na kuamka alipoachia. Pia usiichukulie picha ya hali kuwa ndiyo nakala ya akiba. Inategemea diski ileile, na zikirundikana zinameza nafasi. Nakala ya akiba ni kuzima mashine pepe na kunakili folda yake yote kwenye diski ya nje.

Kinachobaki kuwa kizuizi kwa Ilula ni ukubwa wa mafaili ya kupakua. ISO ya Ubuntu ya mezani inakaribia GB 6, Linux Mint karibu GB 3. Alpine ya mashine pepe ni MB 60 hivi, ndogo kuliko video nyingi tunazotumiana. Ombi langu ni kwa walioko vyuoni Iringa na kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wenye mtandao wa haraka. Kabla ya kupanda basi kwenda likizo, pakueni ISO mbili tatu kutoka tovuti rasmi, zihakikini kwa namba ya SHA256 iliyoandikwa hapo, kwenye Windows kwa amri ya certutil, kisha mziweke kwenye flashi pamoja na VirtualBox. Mkifika nyumbani, wapeni walimu wa kompyuta na wenye stesheneri, na mkae nao hadi mgeni wa kwanza awake. Nanyi mafundi, mteja akileta mashine yenye RAM ya kutosha na kuomba mfumo wa pili, msikimbilie kupiga Windows upya. Mwonyesheni njia hii kwanza.